Sanamu Niliyoichoma

Mimi ni mfinyanzi wa mbabula, majiko ya makaa, hapa mtaa wa Lumumba mjini Bunia, na sipendi kufundishwa kazi yangu. Kwa hiyo mama mmoja Mhindi, mwenye duka la vitambaa, aliponiletea picha ya Ganesha, mungu wao mwenye kichwa cha tembo, akaomba nimfinyangie sanamu, sikumuuliza hata swali moja. Kila mwaka aliiagiza Kampala, lakini safari hii barabara ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita. Nilitazama ule mkonga, lile tumbo, yule panya miguuni, vidole vikaanza kuniwasha.

Kanisani wenzangu walinong'ona kwamba sasa naabudu tembo. Niliwajibu kwamba seremala wa majeneza naye hajafa.

Niliifinyanga, nikaikausha, nikaichoma mpaka ukiigonga inalia. Mama yangu alinifunza hivyo: chombo kibichi hakitoki mikononi mwa fundi.

Niliipeleka asubuhi, sikukuu ikiwa kesho yake. Uani nilikuta soko zima: mama muuza maziwa na bidoni zake, yale madumu ya plastiki, mwingine na vikapu vya maua ya njano, majirani wawili wakikuna nazi za maandazi matamu. Sikujua kwamba mungu mmoja anaweza kuwapa kazi watu wote hao. Mama Mhindi aligonga sanamu kwa ukucha, uso ukamshuka.

"Mama, uliichoma?" akaniuliza.

"Sasa ningeleta mubichi?"

"Iko muzuri sana. Lakini siye tunamupokea, tunakula naye, kisha tunamutia mu maji, anayeyuka, anarudia kwake. Huyu hawezi kurudia. Bila sanamu ya udongo mubichi, kesho hakuna sikukuu."

Muuza maziwa aliacha kumimina. Wote wakanitazama. Nilikasirika, kisha nikaona aibu, maana picha niliichunguza vizuri na mwenye picha sikumuuliza kitu. Maziwa yale yangeharibika kwa kiburi changu.

Nilirudi nyumbani mbio, nikaanza upya mchana huohuo. Kila mara mkono ulitaka kwenda kwenye kuni. Kabla jua halijazama nilimpelekea mama Mhindi Ganesha wake, mbichi, nikimbeba kama mtoto mchanga.

Sikukuu ilifanyika, na bidoni za maziwa zilirudi tupu. Siku iliyofuata mama Mhindi aliniita nione mwisho wa Ganesha. Waliimba, wakamshusha ndani ya beseni kubwa uani. Nilisogea mpaka kikwembe nilichojifunga kiunoni kikaloa. Masikio yalilegea kwanza, kisha mkonga, kisha alama za vidole vyangu zikafutika. Iliniuma, siongopi.

"Kazi yangu yote bule?"

"Hapana bule, mama. Utamufanya tena."

Nilidhani ananifariji tu. Mwaka uliofuata barabara ilifunguliwa, na sanamu za Kampala zikaingia mjini, safari hii si za udongo tena bali za plasta, zenye rangi na dhahabu. Nilijua mimi basi, sitaagizwa tena. Asubuhi moja mama Mhindi akaingia kwangu, na muuza maziwa nyuma yake akicheka.

"Ile ya Kampala ya sasa haiyeyuke," akasema. "Weye utufanyie yako."

Nilivuta kigoda nikamkalisha, na kabla ya kugusa udongo nikamuuliza yule panya anafanya nini pale miguuni.