Alama za Mtoto wa Mwalimu

Kama kuna mtu aliyeogopa midomo ya watu kuliko homa, basi ni huyu mwalimu wa hisabati ambaye wanafunzi walimpachika jina la Mizani. Miaka ishirini na sita ya chaki, na hajawahi kupokea hata kalamu kutoka kwa mzazi. Karatasi za mtihani alizisahihisha huku amefunika jina la mwanafunzi kwa kipande cha boksi, asije akajua anayemkata ni nani. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia kitu kuhusu haki.

Sasa siku moja ya Jumamosi, yupo mezani anakunywa chai, binti yake akaingia na simu mkononi. Binti alikuwa ameomba kusomea uhandisi ng'ambo, na nyumba nzima ilikuwa roho juu ikisubiri jibu.

"Baba, chuo wameandika. Wanataka maelezo."

Maelezo yenyewe yalihusu alama. Masomo mengine yote binti alikuwa juu ya themanini tangu kidato cha kwanza mpaka cha nne. Hisabati ndiyo ilikuwa na vituko vyake: mtihani wa kwanza kabisa themanini na moja, kisha sitini, hamsini na saba, hamsini na tisa, hivyo hivyo miaka yote, halafu kwenye mtihani wa taifa akapata daraja la juu kuliko yote. Chuo kiliuliza kwa adabu, ila kuna adabu inayouma. Shule ieleze, ndani ya siku kumi, mwanafunzi wa hamsini aliwezaje kuruka vile. Hawakusema ameiba mtihani. Lakini mtu mzima haambiwi mara mbili.

"Nimejaribu kuandika hivi," binti akasema, akasoma. "'Nilikuwa dhaifu wa hisabati, ila mwishoni nilijitahidi sana.' Inatosha, eti?"

Mizani akamwambia angoje kwanza. Akatoka uani kumwagilia maua ambayo mkewe alikuwa ameshayamwagilia.

Ukweli aliujua yeye peke yake, maana ndiye aliyemfundisha binti hisabati shuleni miaka yote hiyo. Siku ile ya themanini na moja, ofisini, mwalimu wa jiografia alitania: "Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto wa mtunga mtihani ni namba moja." Walimu wakacheka. Mizani naye akatabasamu, ila utani ule ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kuanzia hapo kile kipande cha boksi hakikumsaidia kitu kwa binti yake. Jina utalifunika; mwandiko wa mtoto uliyemfundisha mwenyewe kushika penseli utaufunika na nini? Ikawa mtoto wa mwingine akisahau kuandika sentimita, anasamehewa. Binti anakatwa mbili. Wa mwingine akiruka hatua, yaishe, binti anakatwa tatu, na pembeni anaandikiwa "Onyesha njia." Kila kosa lilikuwa kosa kweli, ndiyo maana mzee alilala usingizi wake vizuri. Wenzake wakaanza kumsifu: huyu bwana hana upendeleo, hata wa kwake anamkata. Sifa hizo alizila kama sukari. Hakumdhulumu mtu, alijiambia. Ala, kwani huyo mtoto si mtu?

Jumatatu akabeba karatasi zote za zamani za binti, ambazo mama watoto alizihifadhi kwenye sanduku pamoja na vyeti vya chanjo, akaenda nazo shuleni. Ofisi ya walimu ilikuwa tupu, shule imefungwa. Akachukua kalamu ya kijani akasahihisha upya, safari hii kwa kipimo cha watoto wa watu. Sabini na tisa. Themanini na nne. Sabini na nane. Alipofika ya saba akaweka kalamu chini, akavua miwani, akalia, mtu mzima yule.

Mkuu wa shule, mama mmoja mkavu asiyependa hadithi ndefu, ambaye hata likizo haachi kufika ofisini kwake, alizipitia karatasi bila kukaa.

"Andika mtoto aliugua," akasema. "Nagonga muhuri sasa hivi, tunamaliza. Ukiandika haya, kesho kila mzazi atakuja na karatasi ya mwanawe. Na bodi itakuita, mwalimu. Umebakiza miaka miwili ustaafu."

Ushauri ulikuwa mtamu, tusidanganyane. Mizani akaandika tarehe, akaandika "Mwanafunzi huyu aliugua", akakwama. Alikumbuka binti akiwa kidato cha pili, jikoni, akimuuliza mama yake kama inawezekana kichwa kikawa na kasoro upande wa hesabu tu. Yeye alikuwa sebuleni, alisikia kila neno, akaongeza sauti ya redio. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akaichana ile karatasi.

"Bodi na iniite," akasema.

Mkuu akaguna. Barua mpya aliisoma mara mbili, akagonga muhuri.

Jioni Mizani alimkuta binti uani anaanua nguo.

"Mwanangu, hukuwa dhaifu," akaanza. "Mimi ndiye niliyekuwa nakukata." Akamweleza yote, tangu utani wa ofisini, akamkabidhi karatasi zenye kijani. Binti akazipekua moja moja, shuka likiwa begani.

"Kila mtihani?"

"Kila mtihani. Niliogopa watu waseme nakupendelea."

"Miaka yote hiyo nimeamka saa kumi na moja alfajiri, baba. Najiona mjinga."

"Pengine hiyo ndiyo iliyokufanya ukaze, mpaka ukafaulu vile..."

"Hapo usijitafutie pongezi."

Mizani akalipokea neno hilo. Lilimstahili.

Binti akasoma barua. Ilisema kwamba mwalimu wa somo alimsahihisha kwa ukali kuliko wenzake, kwamba alama halali ni hizi hapa, na kwamba kosa si la mwanafunzi. Akaisoma mpaka chini, akarudi juu.

"Hujaandika huyu mwalimu ni nani wangu."

"Niliona haina haja."

"Andika. Bila hilo wataona ulikuwa unanichukia tu."

Mizani akamtazama. "Wewe je, uliona hivyo?"

Binti akakunja shuka mara mbili, akaliweka kwenye beseni.

"Kidato cha pili, ndiyo," akasema.

Mzee akatoa kalamu mfukoni. Akaiweka barua juu ya jiwe la kufulia, akainama, na chini ya muhuri akaongeza mstari mmoja: Mwanafunzi huyu ni binti yangu wa kumzaa. Binti akasubiri wino ukauke, akaipiga picha, akaituma.