Kamba ya Mafuta Mkononi mwa Mama

Juzi fundi alifungua boneti ya gari langu akaniambia, kwa majivuno kidogo, kwamba humo ndani hamna kebo ya mafuta.

“Hii pedali ni ya kuomba tu, madam,” akasema. “Kompyuta ndiyo inaamua.”

Nilicheka mpaka akaudhika. Alidhani ananionyesha kitu kipya, kumbe mimi nilishapanda gari la namna hiyo miaka ya tisini, kwetu karibu na Sironga. Kompyuta yake ilikuwa mama yangu mzazi.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya Tata, kama tunavyowaita baba zetu kule Nyamira. Siwezi kuipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: ilikuwa pikapu mbovu. Siku hiyo tulikuwa tunakwenda mbele ya Birongo, kwa wazazi wa msichana aliyependwa na kaka yangu. Kaka alikuwa amependa mpaka amekonda. Msichana aliuza misumari na rangi katika duka la Wahindi mjini Kisii, na hilo ndilo lililomkera Mama, ambaye tayari alikuwa amejichagulia mkamwana, binti wa jirani, hodari wa kuchuma majani chai. Huyu wa kaunta, alikuwa akisema, atashika jembe kwa vidole viwili.

Tata na baba zetu wadogo walikuwa wamekwenda huko bila Mama, na wenyeji wakarudisha ujumbe mzito. Hawangempeleka binti yao katika boma ambalo mama mkwe anajificha. Aje mwenyewe Jumamosi hiyo, au maneno yaishe. Mama akakubali shingo upande, akavaa vizuri, akaketi mbele dirishani.

Tulipoiacha lami, kebo ikakatika. Tata alikanyaga, pedali ikalala chini, gari likakosa nguvu. Hakuhangaika hata kidogo. Madereva wa milima yetu walijua dawa ya jambo hilo. Alifungua kamba ya katani iliyofunga mikungu ya ndizi, akaifunga kwenye mkono wa kabureta, akaipitisha chini ya boneti na kuiingiza kwa dirisha la kushoto. Ukivuta, injini inapata mafuta. Ukilegeza, springi inafunga. Na kwenye dirisha la kushoto aliketi Mama.

Kaka alikuwa nyuma pamoja na ndizi na kreti za soda, ndani ya suti ya kuazima. Nilimwona kupitia kioo kidogo, jinsi alivyomtazama aliyekabidhiwa kamba, nikamhurumia sana.

Fundi wangu alinieleza hivi. Katika magari ya zamani mguu na injini viliunganishwa na waya: ukikanyaga kidogo, kifuniko cha hewa kinafunguka kidogo, basi. Katika haya ya sasa, kwenye pedali kuna vipima viwili vinavyosoma mguu umeshuka kiasi gani. Ni viwili ili kimoja kikidanganya, kingine kikisute. Vinatuma habari kwa umeme hadi kwenye kompyuta, nayo inatazama mambo mengine, kasi, gia, magurudumu, kisha inaamuru mota ndogo ifungue kile kifuniko kadiri inavyoona yenyewe. Mguu wako umepeleka ombi tu. Na vipima visipopatana kabisa, kompyuta haimwamini mtu tena, inakuachia nguvu kidogo za kujikokota hadi kwa fundi.

Tata aliomba kwa mdomo. Kelele za injini zilikuwa nyingi, au Mama alijifanya hasikii, kwa hiyo alikuwa akiniuliza mimi niliyebanwa katikati. Amesema nini? Amesema ongeza. Mama anatazama barabara, anatazama kuku, anatazama mtaro, kisha anatoa kipimo chake mwenyewe. Tata aliomba debe akapewa kibaba. Mwanzoni alipokanyaga klachi kubadilisha gia Mama bado alikuwa amevuta, na injini ikapiga mayowe hadi mbuzi wakaingia shambani mwa watu. Baadaye nikamwona anachungulia goti la kushoto la Tata. Likiinuka tu, analegeza. Tulipopita soko la Birongo walikuwa wanaendesha kama mtu mmoja, ingawa hakuna ambaye angekiri.

Kisha tukafika kwenye mlima wa kina msichana. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo umelainika. Juu kabisa tuliwaona watu wamekaa uani wakitungoja, akina mama kwa leso mpya. Katikati ya mlima magurudumu yakaanza kuzunguka bure, matope yakimrukia Kaka. Tata akasema ongeza. Akasema tena, kwa sauti ya kusihi ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Mama akalegeza.

Pikapu ikateleza nyuma kidogo. Kaka akagonga kioo kwa kiganja.

“Mama, tafadhali,” akasema. “Usinifanyie hivi.”

Nilikasirika. Niliona wazi kwamba amengoja mpaka hapa, mbele ya macho ya watu, ndipo akatae. Nikanyoosha mkono kuishika ile kamba. Akanitupia jicho moja tu, nikaurudisha.

Ndipo akavuta polepole mno. Magurudumu yakauma udongo. Yalipotaka kuzunguka bure tena akalegeza, yakatulia, akavuta. Tata aliendelea kuomba, naye hakumsikiliza hata kidogo, na pikapu ikapanda. Fundi anasema kompyuta hufanya vivyo hivyo: gurudumu likiteleza, inapunguza nguvu hata ukikanyaga mpaka sakafuni. Yenyewe huambiwa na vipima vya magurudumuni. Mama aliambiwa na kiti alichokalia, na miaka ya kupanda matope akiwa na kikapu cha chai mgongoni.

Huko juu wanaume walimzunguka Tata kumsifu kwa udereva, naye akazipokea sifa zote bila aibu. Mama alishuka upande wa pili. Viganja vyake vilikuwa vimechubuliwa na katani, damu ikitoka. Msichana, aliyekuja na maji ya kunawa, aliviona kabla yetu sisi watoto wake. Akapiga magoti kwenye matope na gauni lake zuri, akaushika mkono mmoja, akaanza kuuosha taratibu.

“Mama,” akasema bila kuinua uso, “niliambiwa hukutaka kuja.”

“Sikutaka,” Mama akajibu. “Hata pale chini ya mlima nilikuwa bado sitaki.”

Akampa na mkono wa pili.