Jina Ambalo Ukungu Haukulijua

Nilipokuwa mtoto pale Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, nilikuwa na majina mawili, na kila jina lilikuwa na lugha yake. Kwa Mukaka, nyanya yangu mzaa baba, nilikuwa Biira, jina ambalo Wakonzo humpa binti wa pili. Kwa Mama, aliyezaliwa Kisangani akaolewa upande huu wa mpaka, nilikuwa Solange. Jikoni kwa Mukaka tulisema Lhukonzo. Jikoni kwa Mama, hatua kumi tu kutoka hapo, tulisema Kiswahili cha Kongo, na Kifaransa kidogo cha kukikoleza. Nilivuka ule ua mara hamsini kwa siku, nikibadilisha ulimi bila kujua kwamba naubadilisha.

Mukaka hakutaka hata kukisikia Kiswahili. Alisema ni lugha ya maafande, ya watu waliokuja kuuliza una kuku wangapi. Miaka tisa aliyokaa na mke wa mwanawe hakuwahi kumjibu neno moja katika lugha hiyo, wala jina Solange halikuwahi kutoka kinywani mwake. Mama naye, Mungu amsamehe, aliona basi bibi huyu hajui Kiswahili, hapo pana uhuru. Alikuwa akiketi mlangoni na simu yake ya laini mbili, moja ya Uganda na moja ya Kongo, akimteta mkwewe kwa dada yake bila hata kupunguza sauti.

Mukaka ndiye aliyenifundisha habari za ukungu. Ukishuka kutoka mlimani, alisema, hauji peke yake; wamo waliotutangulia, na wengine wao ni wapweke. Huwaita watoto kwa majina ya nyumbani. Watakuambia wameanguka, watakuambia wanasikia baridi. Usiitike, hata wakiita mara kumi. Mwenye mwili atakuja mwenyewe akuguse. Nilimuuliza kama wanaweza kuniita Solange. Akacheka mpaka akajifuta machozi, akasema wazee wa mlima hawakusoma Kifaransa wala hawakuwa askari. Nikafurahi moyoni kwamba nusu yangu iko salama.

Asubuhi moja, msimu wa kahawa, Mukaka alitangulia shambani na kikapu chake. Baba alikuwa Kasese kwa biashara zake, Mama alikuwa anafua. Nikatumwa kupeleka chupa ya chai. Nilikuwa na miaka minane.

Nilipofika katikati ya mteremko ukungu ukashuka. Watu wakisimulia mambo haya hupenda kusema walitetemeka. Mimi sikutetemeka. Ulikuwa laini na mweupe, ukifuta mibuni mmoja mmoja, kisha migomba, kisha miguu yangu mwenyewe, nikawa natembea kama mtu aliye usingizini. Nilipenda, kusema kweli. Ningeweza kutembea hivyo siku nzima.

Ndipo sauti ikaja kutoka mbele, upande wa kushoto. "Biira."

Nikasimama. Ikaita tena, nyembamba, kwa Lhukonzo safi. Ikasema imeanguka. Ikasema inasikia baridi.

Jamani, yalikuwa maneno yale yale niliyoonywa. Sikuitika. Nikageuka taratibu kama nilivyofundishwa, nikaanza kushuka kurudi nyumbani, na nitasema ukweli wangu wote: nilijisifu. Nilijiona mtoto msikivu kuliko watoto wote wa Bwera. Sauti ikaniita mara ya tatu, mara ya nne, nami nikazidi kwenda.

Halafu ikasema, "Solange."

Mguu wangu ukagoma.

"Solange, usiende. Miye iko mutu. Muguu imevunjika. Ita mama yako."

Sikujua kama nilie au nicheke. Niliitika kwa sauti kubwa, nikafuata Kiswahili kile hatua kwa hatua, na Mukaka akaendelea kusema ili nisipotee, hata alipokuwa hana la kusema. Akahesabu: moja, mbili, tatu. Nilimkuta ndani ya mtaro wa kuzuia udongo, maji ya mvua ya usiku yakimfika kiunoni, midomo imebadilika rangi. Nilimpa chai. Nikakimbia kumwita Mama, Mama akawaita wanaume wa jirani, wakamtoa kwa machela. Daktari alisema kama angekaa mle hadi mchana, baridi ingemmaliza.

Jioni nilimweleza Mama nilivyoitwa. Akaketi chini pale pale, kitenge kikiwa usoni. "Miaka tisa," akasema. "Anasikia yote." Mukaka alirudi kutoka hospitali baada ya wiki sita na Lhukonzo yake ile ile. Ila simu za Mama zilihamia nyuma ya choo.

Nilikaa na aibu yangu muda mrefu. Nilikuwa msichana mkubwa, nikifanya kazi Kasese, siku nilipothubutu kumuuliza kama alinichukia nilipompa kisogo. Alikuwa anachambua maharage, wala hakuinua uso.

"Nilisikia miguu yako inaenda, nikafurahi," akasema. "Nikajua nimekulea vizuri. Halafu nikaogopa kufa."

Nimemzika Mukaka, na maneno hayo bado sijayamaliza. Sijui ukungu una nani ndani yake, na sina haja ya kubishana na mtu. Ninalolijua ni kwamba siku ile mtaroni alikuwa na pumzi chache, na hakuzitumia kuniambia kwamba alinidanganya. Aliniacha niamini. Akamwendea yule mtoto mwingine, Solange, ambaye hakuwahi kumsalimia hata siku moja, akampigia hodi.