Mstari wa Nekesa

Leo Jumamosi, Kitale. Miaka thelathini na mbili tangu ghasia zitufukuze kwetu Bungoma.

Nimemwonea mjukuu wangu, Nekesa.

Kocha wake wa voliboli alisema atakayeruka na kugusa shubiri mbili juu ya wavu ataenda kucheza Bungoma.

Mstari wa kipimo hicho ukutani kwetu niliuchora mimi.

Wiki sita Nekesa ameruka kamba, amepanda ngazi kwa mguu mmoja. Hajaufikia.

Leo kocha amekuja na tepu.

"Mzee, huu ni mstari wa wavu wa wanaume!"

Nilipima kwa kumbukumbu ya timu yetu ya wanaume ya Myanga, kule Bungoma.

Mstari mpya wa kocha, wa wavu wa wasichana, Nekesa ameupita kwa kiganja kizima.

"Kuka, babu yangu, wiki sita bana! Adhabu yako, utakuja Bungoma kunishangilia."

Mnaosoma na kucheka, chekeni.

Nitamtazama kwa simu. Bungoma sitarudi.