Bajeti ya Kiwanda Kilichofungwa

Habari ya msiba ilinifikia sokoni, nikiwa navutana na muuzaji kuhusu bei ya ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mama mmoja ninayemfahamu, mkata sabuni katika kiwanda nilikowahi kufanya kazi, alinigusa bega, akaniita kwa jina langu la utani la huko, "We Universite, hukusikia? Mama wa hesabu amekwenda." Nikamwuliza amekwenda wapi, maana watu wa mji huu huenda Uvira, huenda Kigoma, na wenye bahati huenda Ulaya. "Kwa Mungu," akajibu. "Na mi nafikiri malaika sasa hivi wanaombwa risiti." Tukacheka, kisha tukaona haya kwa kucheka, kisha tukacheka tena. Marehemu alikuwa na presha na miaka mingi. Alikula ugali wake wa mchana, akajilaza, hakuamka. Amekufa kitandani kwake akiwa ameshiba. Wasomaji wangu wanaojua tumeishi miaka gani hapa Bujumbura wataelewa kwa nini matanga yake yalikuwa na nyuso tulivu, na kwa nini mtu mmoja alithubutu kuyaita matanga mazuri.

Nilimfahamu katika miaka ya vikwazo, majirani walipotufungia mipaka na petroli ikawa inauzwa kwenye chupa kama dawa ya kikohozi. Nilikuwa nimetoka Chuo Kikuu na shahada ya uchumi, bila kazi, nikipinga kila kitu kilichosemwa mbele yangu. Nikapata staji, kazi ya kujifunza, katika kiwanda kidogo cha sabuni, mali ya mfanyabiashara mmoja wa ukoo wa Waarabu wa Omani ambaye babu yake aliuza vitambaa hapa kabla ya barabara kuwa na lami. Yeye mama alikuwa mkimbizi kutoka Uvira, upande wa Kongo, mlokole, aliyefundishwa uhasibu na masista. Kazi yake ilikuwa kujua mche mmoja wa sabuni unagharimu kiasi gani, na kila mwisho wa mwaka kutengeneza bajeti nzima ya mwaka unaokuja: kwanza mauzo, kisha sabuni ya kupika, kisha mawese, soda kali na mishahara, kisha fedha zitakazoingia na kutoka. Mwishoni kabisa hutoka taarifa mbili za makadirio, moja ya faida na hasara, nyingine ya mizania, yaani picha ya kiwanda kitakavyokuwa siku ya mwisho ya mwaka ambao bado haujaanza. Ile ya pili wafanyakazi waliiita "bilan ya kesho", na waliiheshimu kidogo, kama watu wanavyoheshimu utabiri wanaoushuku.

Mimi niliushuku zaidi ya kidogo. Nilimwuliza siku ya kwanza, kwa Kifaransa changu cha darasani, anawezaje kuandika mizania ya Desemba katika mji ambao hakuna ajuaye kama barabara ya kaskazini itakuwa wazi Jumanne. Alinitazama juu ya miwani. "Mvua ya mwaka kesho itanyesha siku gani?" akaniuliza. Nikasema sijui. "Na bati unanunua ao hununui?" Hakungoja jibu. Katika bajeti yake kulikuwa na mstari ambao sikuwahi kuuona katika kitabu chochote: siku za ville morte, zile siku ambazo mji unaambiwa ufe na maduka yote yanafunga. Wenzake wa viwanda vingine walizihesabu kama ajali, wakazililia kila zilipotokea. Yeye alizipanga mapema kama anavyopanga mazuti ya kuwashia moto na chumvi, na sabuni ya siku hizo aliipika kabla. Nilibishana naye kwamba huwezi kuipa vita nafasi katika hesabu. Akasema haipi vita nafasi, anaipunguzia.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni namna alivyopata makadirio ya mauzo, ambayo ndiyo mlango wa bajeti yote. Wachuuzi hudanganya kuhusu mauzo yao, na si kwa ubaya: mchuuzi akitaja kidogo, lengo lake linakuwa jepesi na bonasi inakuwa karibu. Kwa hiyo Mama hakumwuliza mchuuzi atauza ngapi. Aliwaita wawili pamoja, akawapa chai ya maziwa na mandazi, kisha akamwuliza kila mmoja kuhusu mwenzake. Nakumbuka yule wa mtaa wa Kamenge, ambako watu walikuwa wanaanza kurudi na kuezeka upya, alipoulizwa kuhusu yule wa mtaa wa Kinama. "Huyu?" akasema na mdomo umejaa. "Mama, huyu anauza sana. Anajificha tu. Hata viatu vyake viangalie." Wa Kinama akavuta miguu chini ya kiti. "Na yeye je, anayeuza mpaka kwa wafiwa?" Mabishano yakanoga, mandazi yakaisha, na mama akawa ameshaandika anachotaka. Nilimwambia hiyo si mbinu ya kisayansi. Akasema, "Apana, ni mbinu ya mandazi. Andika gharama yake."

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nimkumbuke katika safu hii. Mwaka ule soda kali ilikuwa inafika kwa njia za panya kwa bei ya dhahabu, mazuti yalikuwa hayapatikani, na chungu kimoja kati ya viwili kilikuwa kimezimwa. Mwenye kiwanda, ambaye sote tulimwita Haji, akaja ofisini asubuhi akasema amechoka. Atafunga. Atawarudisha watu nyumbani, ataweka mlinzi getini, na atafungua vita ikiisha. Alisema kwa upole. Alikuwa mtu mwema, na nadhani alikuwa amelia. Kule nyuma wanawake waliokuwa wanakata sabuni kwa waya walisikia, kwa sababu ukuta ulikuwa wa mbao, na waya zote zikanyamaza. Karibu wote walikuwa wanalisha nyumba peke yao. Mama hakubishana. Alisema tu, "Haji, unipe muda nimalize bajeti." Haji akacheka bila furaha. "Bajeti ya nini, Mama? Nimekwambia nafunga." Akajibu, "Basi ya kufunga."

Nilidhani ni maneno ya kumtuliza. Kumbe alikuwa anasema kweli. Alitengeneza seti mbili kamili: moja ya kiwanda kinachopika kwa chungu kimoja, nyingine ya kiwanda kilichofungwa mwaka mzima. Mimi ndiye niliyepewa ya pili niipige chapa kwa mashine, na nilicheka nikiianza, maana mauzo yalikuwa sifuri, uzalishaji sifuri, mawese sifuri. Kicheko kiliniisha nilipoendelea kushuka. Kodi ya kiwanja ilikuwa palepale. Mlinzi. Riba ya benki. Vyungu vilivyokuwa vinazeeka hata bila moto. Malipo ya kuwaachisha watu kazi. Halafu shehena ya soda iliyokuwa ghalani, ambayo ikikaa hunyonya unyevu wa ziwa na kuharibika. "Akiba haiozi, wanasema," alinong'ona akiuandika mstari huo. "Hawakuweka soda karibu ya Tanganyika." Na chini kabisa, gharama moja kubwa: wateja watakaoisahau sabuni yetu, na pesa zitakazohitajika kuwarudisha.

Haji alikuja, akakaa, akavaa miwani. Mama aliweka mbele yake taarifa mbili za faida na hasara, moja ya kila bajeti, ubavu kwa ubavu. Zote zilionyesha hasara. Hakujaribu kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kiwanda kinachopika kingepata hasara, kwa sababu sabuni ilikuwa chache mno kubeba kodi na riba zote, lakini kila mche uliouzwa ulilipa mawese yake na mkataji wake, na ukabakiza kitu kidogo cha kusaidia kubeba. Kilichofungwa hakikuwa na msaidizi. Haji alisoma muda mrefu. Hapo ndipo mimi, ambaye sikuulizwa, nikafungua mdomo. Nikasema mstari wa wateja wanaosahau hauna ushahidi, na hata ukiwa kweli, hasara hiyo itatokea mwaka utakaofuata, kwa hiyo haina haki ya kukaa katika taarifa hii. Nyuma ya mbao hakukuwa na waya hata mmoja uliokuwa unakata. Nilijua nimesema sawa, na nilijua pia kwamba huenda nimewafukuza watu kazi.

Mama akageuka polepole. "Universite anasema kweli," akamwambia Haji. "Toa." Akachukua kalamu, akaipitisha juu ya mstari, akaniamuru nijumlishe upya palepale, mbele ya mwenye mali. Nilijumlisha. Kufunga bado kulikuwa kubaya zaidi. Si kwa mbali, lakini kubaya zaidi. Haji akavua miwani, akaifuta kwa kanzu. "Kumbe kulala nako kunakula," akasema. Kisha akaniangalia: "Na huyu mutoto anatafuta nini kazini kwangu, kunipinga ao kunisaidia?" Mama akasema, "Haji, kwake ni kitu kimoja." Akainuka, akaenda mlangoni, akaongea na wale wanawake kana kwamba ni siku yoyote: "Mbona kimya? Sabuni inakauka." Waya zikaanza tena.

Baadaye nilianza kuwaza. Haji hakuwa mtu wa kuamini tarakimu. Alichoamini ni kuona mtu akikubali kupunguza la kwake mbele ya macho yake. Mama alinijua. Alijua siwezi kuuona mstari dhaifu nikanyamaza. Je, aliuweka makusudi ili niutoe? Nilimwuliza mara nyingi, mara kwa hasira, mara kwa mzaha. Mara moja alisema ni kosa la uzee. Mara nyingine alisema nyumba yake ya Uvira aliifunga kwa kufuli nzuri akasema atarudi vita ikiisha, "na kufuli iko, nyumba haiko," na kwamba mtu aliyepitia hayo anaweza kuamini mstari ule kwa moyo wote. Mimi, mpenda ushahidi, sina ushahidi. Nimejifunza kuishi hivyo, na sijafurahia.

Ninachokifurahia ni wazo lenyewe, ambalo sikulipata chuoni. Sote hufanya bajeti ya jambo tunalotaka kufanya, kisha tunaona gharama zake zinatisha, kisha tunasema tusubiri kwanza, kana kwamba kusubiri ni bure. Chuo kilipofungwa kwa sababu ya vurugu, nilikaa nyumbani nikisubiri, na hakuna aliyekadiria kilichokuwa kinaharibika vichwani mwetu wakati huo. Wakubwa wanaojadiliana mbali na hapa hutuambia kila mara bei ya kupatana: viti vya kugawana, majeshi ya kuchanganya, wakimbizi wa kurudisha. Sijawahi kusikia mmoja wao akisoma kwa sauti bei ya kutopatana, mwaka kwa mwaka, mstari kwa mstari, mpaka kwenye mizania. Labda ingewaharibia chakula.

Kiwanda bado kinapika, na mwaka huu bajeti itatengenezwa na mtu mwingine. Kwa hiyo, msomaji, mtu akikushauri ufunge duka, uache masomo, uahirishe harusi, mpaka mambo yatulie, usimbishie na usimkubali haraka. Mwombe akuonyeshe hesabu ya huko kusubiri: inagharimu nini, inalipwa na nani, mpaka lini. Akikuletea, isome kwa makini, na ukiona mstari dhaifu, ufute mbele yake. Akiwa hana hesabu hiyo, we endelea kupika.