Siku Tuliyopimwa kwa Kikapu

Harufu ya mihogo iliyolowekwa, ule uchachu unaoingia puani na kukaa humo siku nzima, iliingia nyumbani kwetu Kadutu pamoja na dada mkubwa wa mama. Kabla yake nyumba haikuwa na harufu ya chakula chochote. Baba alikuwa amefunikwa na udongo katika shimo la dhahabu huko Mwenga, na mwenzake mmoja akatuletea viatu vyake tu. Mama alivipokea, akalala mkekani, na kwa majuma mengi hakuinuka ila kwenda chooni. Tulikuwa watoto watatu: mimi wa miaka kumi na miwili, Nsimire aliyenifuata kwa mwaka mmoja, na Bahati, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amejifunza kutembea. Tulichemsha maganda ya viazi yaliyotupwa sokoni. Miguu ya Bahati ikavimba, nywele zake zikawa nyekundu na laini kama ndevu za mahindi, akaacha kutembea, kisha akaacha hata kulia.

Maman mukubwa, ndivyo tulivyomwita dada huyo wa mama, alikuja kwa miguu kutoka Nyantende, alikokuwa na shamba la mihogo na maharagwe. Hakutukumbatia. Alimtazama Bahati, akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba na kuangalia shimo lililobaki pale, kisha akaenda kuchota maji akammwagia mama palepale mkekani. Alimwambia kwamba kama alitaka kufa angekufa kabla ya kuzaa. Asubuhi iliyofuata akatuita mimi na Nsimire uani, mbele ya kikapu kilichojaa mihogo, chenye kamba ya kupitisha kwenye paji la uso kama wanawake wa kwetu wanavyobeba.

“Mumoja atabeba, mumoja atasoma,” alisema. “Mukisoma wote wawili, huyu mutoto atakufa.”

Nilianza mimi kujaribu kusimama na kikapu; atakayeweza ndiye angebeba. Nilikuwa na mabega mapana, na Nsimire alikuwa mwembamba kama ufito. Lakini darasani yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kila muhula. Niliipenda shule, ile kuimba asubuhi mbele ya bendera ya kijani yenye mwenge, na zaidi ya hapo niliwaogopa wasichana wenzangu wasinione barabarani nimeinama chini ya mzigo. Nikaikaza kamba kipajini, nikakunja uso, nikatetemesha magoti, na sikuvuta. Kikapu hakikusogea. Nsimire akaja baada yangu. Alianguka mara mbili, na mara ya tatu akasimama nacho, mishipa imemtoka shingoni. Maman mukubwa akasema basi, imekwisha. Mama alikuwa mlangoni, nguo bado mbichi, akisikiliza.

Kuanzia siku hiyo Nsimire alipanda na kushuka njia ya Nyantende, mvua na jua, akileta mihogo ya kuuza sokoni. Alipochelewa alichapwa. Chakula kilipikwa mara moja kwa siku, na maman mukubwa alikigawa mwenyewe: maharagwe na dagaa kwa Bahati kwanza, kisha Nsimire, kisha mama, na mimi niliyekaa darasani nikapewa ukoko wa sufuria. Alasiri moja nilimkuta Nsimire akiosha miguu iliyopasuka. Nikataka kumsaidia, akaivuta.

“Nilikuona, yaya. Haukuvuta hata kidogo,” aliniambia mimi dada yake bila kuniangalia. “Usimuambie. Atabadilisha, na nitakuwa nimeteseka bure.”

Sikumwambia maman mukubwa, hata alipokuwa anakufa. Uvimbe wa Bahati uliisha baada ya miezi kadhaa, akatembea tena. Leo ni fundi seremala mwenye sauti nene. Mama aliinuka akaanza kupika maandazi. Mimi ni mwalimu. Nsimire hakurudi shuleni, na sasa hawezi kugeuza shingo bila kugeuza mwili mzima. Kusoma kumemtoka kwa miaka mingi; akipata barua humpa mwanangu amsomee. Nina mabinti wawili. Wanakula asubuhi, mchana na jioni, wanagombania kiti kilicho karibu na dirisha, na hakuna aliyewahi kuwapima kwa chochote. Nikiwatazama najua kwamba mimi nisingeweza kuchagua kati yao. Ningekuwa mimi badala ya maman mukubwa siku ile, ningewakumbatia watoto wote na kulia nao, na tungemzika Bahati.