Bohumír Vrzal na Kitenzi cha Maziwa

Bohumír Vrzal wa Brno, mji wa Ucheki, alikabidhiwa kitenzi kimoja akichunguze akiwa na miaka thelathini na mitatu, na alipofikisha hamsini na mbili bado alikuwa nacho. Wenzake wa rika walikuwa wamejaliwa watoto, magari, na wengine hata talaka. Yeye alikuwa na dojiti.

Katika ofisi ya kamusi alikofanya kazi kitenzi hicho kiliandikwa na nyota mbele, ishara kwamba hakuna aliye hai aliyewahi kukisikia: wataalamu walikijenga upya kwa kuwatazama wajukuu zake, yaani maneno yaliyotokana nacho katika lugha za Kislavi za leo. Wajukuu hao Bohumír aliwajua wote, kadi kwa kadi. Kwa Wacheki, Wapolandi na Warusi, neno lilikuja kuwa kukamua ng'ombe. Kwa Waslovenia, Wakroati na Waserbia, ni kunyonyesha mtoto. Bohumír alishikilia kwamba kunyonyesha ndiko kulikotangulia, maana hata neno la mtoto katika lugha hizo limechipuka kwenye shina lilelile. Mkuu wake, Daktari Škarková, mama ambaye hakuwa amekosea tangu apate shahada, alishikilia kwamba ng'ombe ndiye wa kwanza. Walibishana miaka kumi na tisa. Ng'ombe mwenyewe, hakuna kati yao aliyewahi kumgusa.

"Bwana Vrzal," mama yule alimwambia siku moja bila kuinua macho, "nenda basi huko kusini ukawaulize wenyewe. Na sisi tupumue."

Kiangazi cha mwaka wa tisini na saba akapanda treni mpaka Kroatia, akashukia kijiji kimoja cha Zagorje. Wa kwanza kukutana naye alikuwa Jalža Hrestak, mjane wa miaka hamsini na sita, akielekea zizini na ndoo tupu. Kando ya uzio shemeji yake, Vid, alikuwa akinoa mundu.

Hapo ndipo bingwa wa kitenzi dojiti, kwa hofu ya kusema na mwanamke, alipozisahau kadi zake zote. Kicheki kikamtoka chenyewe. Alichotaka kuuliza ni kama mama huyu hukamua asubuhi au jioni. Alichouliza kwa masikio ya Mkroati, kwa upole mwingi na daftari mkononi, ni kama hunyonyesha asubuhi au jioni, na kama ataruhusiwa kutazama.

"Ati nini?" Jalža akasema. "Hebu rudia."

Akarudia. Tena polepole, maskini, ili aeleweke.

"Shemeji! Njoo umsikie huyu!"

Vid akaja na mundu wake. "We mzee, huna haya? Mtu mzima huyu, ana wajukuu!"

"Ni kwa ajili ya kamusi," Bohumír akajitetea.

"Kamusi! Siku hizi ndivyo mnavyoiita?"

Jalža alikuwa ameipindua ndoo na kuikalia, kicheko kimembana hadi machozi. "Wa dojiti ni mtoto, baba," alisema alipopata pumzi. "Ng'ombe ni musti. Kwani huko kwenu ng'ombe mnawapakata?"

Bohumír alilijua hilo tangu kadi ya kumi na saba. Masikio yakamwaka. Jalža akamhurumia, akamvuta zizini, akamkalisha kwenye kigoda. Ng'ombe, ambaye hakuwa na upande wowote katika mjadala ule, akampiga teke gotini.

Siku tisa hakuweza kutembea. Jalža akamlisha maandazi ya štrukli yenye jibini, akamkanda goti kwa pombe kali ya plamu, akamwuliza kazi yake ni nini hasa. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Akamweleza jinsi neno lilivyohama kutoka titi la mama hadi kiwele cha ng'ombe, na Jalža akasikiliza mpaka mwisho.

"Kila mtu ameanza na mama yake," akasema. "Hilo nalo lilitaka miaka kumi na tisa?"

Aliporudi Brno aliandika makala yake. Daktari Škarková akaikata ikabaki mistari sita, akamweka ng'ombe mbele na jina lake mwenyewe chini. Zamani Bohumír angeandika kurasa nane za kupinga na kuzifungia kwenye droo ya meza. Safari hii aliandika mstari mmoja wa kuacha kazi.

Akarudi kijijini kwa Jalža, wakaoana Oktoba, zabibu zikivunwa, Vid akiwa shahidi. Kijijini wanamwita Profesa, cheo ambacho Brno hawakumpa. Baridi ya kwanza maji ya mifugo yaliganda, naye akatoka asubuhi kuyavunja kwa shoka, malengelenge viganjani, akiimba vibaya. Jalža akafungua dirisha la jikoni, akamwambia anyamaze, kuku wataacha kutaga. Hakunyamaza.